Tamko na Hati: Historia ya Utunukiwaji wa Shahada katika Afrika Mashariki

Katika mahafali ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, tendo linalomfanya mwanafunzi kuwa mhitimu huchukua muda mfupi mno likilinganishwa na saa za maandamano, hotuba na nyimbo zinazolizunguka. Kiongozi wa kitivo au ndaki huwasimamisha wahitimu watarajiwa wa programu moja, akamweleza Mkuu wa Chuo kwamba wametimiza masharti yaliyowekwa na Seneti, ambayo ndiyo baraza la juu la taaluma, na Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kutunuku, hutamka kwamba amewapa shahada. Waliosimama wakiwa wanafunzi huketi wakiwa wahitimu, ingawa mara nyingi hakuna karatasi yoyote iliyopita mikononi mwao. Cheti chenyewe aghalabu hufuatwa baadaye katika ofisi ya usajili, baada ya mhusika kuthibitisha kwamba hadaiwi ada, kitabu cha maktaba wala ufunguo wa bweni. Utengano huo wa tamko na hati, unaowashangaza wazazi waliosafiri usiku kucha ili wamwone mtoto wao akikabidhiwa cheti, mara nyingi huchukuliwa kuwa uzembe wa utawala, ilhali asili yake ni ya kale, na ndani yake mna swali ambalo kila jamii ya wasomi imelijibu kwa namna yake: elimu ya mtu huthibitishwa na nini, na nani?

Jibu la kwanza katika eneo hili lilitolewa pwani, karne nyingi kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa. Mtoto aliyemaliza kusoma juzuu 30 za Kurani kwa mwalimu wake alihitimu hadharani, kwa dua, karamu na maandamano ya wenzake, naye baba yake alimpa mwalimu haki yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, anaonyesha kwamba malipo hayo kwa mwalimu yalikwenda kwa hatua, kadiri mtoto alivyosonga mbele katika msahafu, na hivyo maendeleo ya mwanafunzi yalijulikana mtaani kote bila cheti chochote. Mashahidi walikuwa majirani, na kumbukumbu ya majirani ilitosha kwa sababu mtoto huyo alitarajiwa kuishi miongoni mwao.

Mambo yalikuwa tofauti kwa mwanachuoni aliyesafiri. Huyo alihitaji ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu humpa mwanafunzi wake ili afundishe kitabu fulani au fani fulani kwa niaba yake. Ijaza iliweza kutolewa kwa mdomo, na ilipoandikwa ilitaja jina la mwanafunzi, kitabu alichokisoma, jina la mwalimu, jina la mwalimu wa mwalimu, na kuendelea hivyo kurudi nyuma hadi kwa mtunzi wa kitabu, au, katika elimu ya hadithi, hadi kwa Mtume mwenyewe. Mlolongo huo wa majina ndio uliokuwa uzito wa hati. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi wa Unguja, na Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, ambaye chuo chake cha Ukutani kiliwavuta wanafunzi kutoka pwani nzima, walikuwa watu wa minyororo hiyo. Wote wawili walisoma kwa masharifu na masheikh wa Hadhramaut na kwingineko, na wote wawili walifariki mwaka 1925, wakiwa wamewaidhinisha wanafunzi ambao nao waliwaidhinisha wengine. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba ijaza haikutolewa na taasisi. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, pamoja na umaarufu wake wote, haukuwa na mhuri wa kumfanya mtu kuwa sheikh; aliyemfanya kuwa sheikh ni mwalimu aliyemsikiliza akisoma.

Katika Ulaya ya zama za kati idhini ya kufundisha ilifuata njia nyingine, kwa kuwa iliondolewa mikononi mwa mwalimu mmoja na kuwekwa mikononi mwa mamlaka iliyo juu yake. Mwaka 1219 Papa Honorius wa Tatu aliagiza kwamba katika mji wa Bologna, uliokuwa na shule mashuhuri za sheria, mtu asipewe leseni ya kufundisha bila ridhaa ya shemasi mkuu wa kanisa la mji huo. Walimu walibaki kuwa watahini, lakini mtoaji wa leseni akawa afisa wa kanisa, na huyo ndiye babu wa Mkuu wa Chuo wa leo, anayetunuku shahada za fani ambazo huenda hakuwahi kuzisoma. Mwanahistoria George Makdisi alitoa hoja, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu kuibuka kwa madrasa, kwamba leseni hiyo ya Ulaya ilichukuliwa kutoka katika ijaza ya kufundisha ya ulimwengu wa Kiislamu. Wengine wameipinga wakisema kwamba mifumo hiyo miwili ilikua kila mmoja peke yake. Hata kama hoja ya Makdisi haikubaliki yote, kufanana kwa mambo yenyewe ni dhahiri: pande zote mbili, kilichotolewa hakikuwa sifa ya kumaliza masomo bali ruhusa ya kuwasomesha wengine.

Sherehe ya Bologna yafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu karibu kila kitu kinachoonekana katika mahafali ya leo kilikuwamo ndani yake, na kila kitu kilikuwa na maana. Mtahiniwa aliyekwisha kufaulu mtihani wa faragha aliongozwa na wenzake hadi kanisa kuu, akatoa mhadhara mbele ya hadhira na kujibu hoja za wanafunzi waliompinga, kisha shemasi mkuu akatamka leseni. Hapo ndipo mwalimu aliyemleta alipomkalisha kwenye kiti cha mhadhiri, akamkabidhi kitabu kilichofunguliwa, akamvisha pete ya dhahabu kidoleni na kofia kichwani, akamkumbatia na kumbariki. Kiti kilimaanisha mamlaka ya kufundisha, kitabu kilimaanisha elimu yenyewe, na kofia ilimtenga na waliokuwa bado wanafunzi. Gharama zilikuwa kubwa, kwa maana daktari mpya alitarajiwa kuwapa wakubwa zawadi na kuwafanyia wenzake karamu, hata Baraza la Vienne, lililokutana mwaka 1311 na 1312 chini ya Papa Klementi wa Tano, likaweka kikomo cha matumizi ya sherehe hiyo. Anayelalamikia leo gharama za mashada ya maua, wapiga picha na kumbi za pongezi ana wenzake wa miaka 700 iliyopita.

Joho nalo halikubuniwa kwa ajili ya sherehe. Lilikuwa vazi la kila siku la makleri, na wanafunzi wa zama hizo walihesabiwa kuwa makleri. Mwaka 1222 baraza la kanisa lililokutana Oxford liliwaamuru makleri kuvaa vazi refu lililofungwa mbele, na vyuo vikalishikilia vazi hilo muda mrefu baada ya watu wengine kuliacha. Vazi hilo lilipofika pwani ya Afrika Mashariki halikuwa geni kabisa machoni pa watu, kwa kuwa joho la bwana harusi na la wakubwa wa mji lilikuwa limekwisha kuwafundisha watu kwamba mwenye kulivaa amebeba heshima ya siku hiyo.

Uingereza, ambako Afrika Mashariki ilichukua mfumo wake wa vyuo vikuu, iliihifadhi sehemu ya mwili katika utunukiwaji kuliko sehemu ya karatasi. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, hadi leo, wahitimu watarajiwa husogea wanne wanne, kila mmoja ameshika kidole kimoja cha mkono wa kuume wa afisa anayewaleta, kisha mmoja mmoja hupiga magoti, huunganisha viganja vyake na kuviweka kati ya viganja vya Makamu Mkuu wa Chuo, naye hutamka maneno ya Kilatini ya kumpa shahada. Ni ishara ya kiapo cha utii cha zama za wakabaila. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, mhitimu huguswa kichwani kwa kofia ya kale ambayo simulizi za mji husema ilishonwa kwa kitambaa cha suruali ya John Knox, mhubiri wa mageuzi ya kanisa; simulizi hiyo haina ushahidi, lakini kofia ipo na inatumika.

Thamani ya tendo hilo la mwili inajulikana vizuri zaidi kutokana na wale walionyimwa. Wanawake walisoma na kufanya mitihani Oxford na Cambridge kwa miongo kadhaa bila kupewa shahada, kiasi kwamba kati ya mwaka 1904 na 1907 mamia yao walivuka bahari kwenda Dublin ili wakatunukiwe na chuo cha Trinity, kilichokubali kuzitambua sifa zao. Oxford ilifungua mlango mwaka 1920. Cambridge, mwaka 1921, iliwapa jina la shahada kwa hati tu: walipata karatasi lakini hawakuingizwa katika jumuiya ya chuo wala kupewa sauti katika uendeshaji wake, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1948. Wanawake hao walikuwa na cheti mkononi na bado walijua kwamba hawajapewa kitu chenyewe. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya hati na tamko.

Hata hivyo ilikuwa ni hati, si tamko, iliyosafiri kwenda makoloni. Chuo Kikuu cha London, kilichopewa mkataba wa kifalme mwaka 1836 kikiwa chombo cha kutahini, kilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu ambao hawakuhudhuria darasa lolote katika vyuo vyake, na kuanzia mwaka 1865, kwa kuanza na Mauritius, mitihani hiyo ikaanza kufanyika katika makoloni. Mtu aliweza sasa kuwa mhitimu wa London bila kuiona London, na kwa mtu kama huyo karatasi yenye mhuri ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee, kwa kuwa hapakuwa na mkusanyiko wa watu waliomwona akitunukiwa. Hapo ndipo cheti kilipoanza kuwa kitu cha kutunzwa sandukuni na kutundikwa ukutani.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na ilipokua kuwa chuo cha elimu ya juu ilitoa stashahada zake yenyewe, yaani sifa iliyo chini ya shahada. Julius Nyerere, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, aliondoka na stashahada ya ualimu, na ilimbidi aende Edinburgh ili apate shahada, aliyoipata mwaka 1952. Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, uliopendekezwa na Tume ya Asquith kwa vyuo vya makoloni, na mwaka 1953 wanafunzi wa kwanza wa Makerere walipata shahada za London. Mpango huo ulilinda kiwango, kwa maana mitihani ilikubaliwa na watahini wa pande zote mbili, na wahitimu wake waliaminiwa popote. Lakini ulikuwa na maana nyingine iliyowauma wengi: aliyesomeshwa Kampala na walimu wanaomjua alipokea idhini ya elimu yake kutoka katika mji ulio maelfu ya maili mbali, kwa jina la watu ambao hawakuwahi kumsikia akisema neno. Kwa kipimo cha ijaza, mnyororo ulikuwa umekatika mahali pake muhimu kuliko pote.

Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilianza kwa mkataba huohuo wa London, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache katika jengo la chama cha TANU la Mtaa wa Lumumba. Mabadiliko yalikuja tarehe 28 Juni 1963, ulipozinduliwa mjini Nairobi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Nyerere akawa Mkuu wake wa Chuo. Mwalimu aliyetoka Makerere na stashahada miaka 18 kabla ya hapo ndiye sasa aliyekuwa na mamlaka ya kutamka shahada kwa jina la Afrika Mashariki yenyewe. Tukio hilo lastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya historia ya uhuru kuliko iliyopewa, kwa kuwa haki ya kusema nani ameelimika ni sehemu ya kujitawala kama ilivyo haki ya kutoza kodi.

Pamoja na haki hiyo, mavazi na taratibu za Uingereza vilibaki, na si kila mtu alivitazama kwa jicho jema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu, wengi wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma, kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Siku hiyo joho lilionekana kama alama ya tabaka linalodai fungu lake kutoka kwa wakulima. Lakini halikufutwa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa mwaka 1970 na kila nchi ikapata chuo kikuu chake cha taifa, majoho, maandamano na fimbo ya mamlaka vilibaki vyote katika vyuo vitatu. Fimbo hiyo, inayotangulia mbele ya Mkuu wa Chuo, kwa Kiswahili cha Tanzania huitwa siwa, kama ile ya Bunge. Na siwa za asili, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo sasa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, zilikuwa baragumu zilizopulizwa katika sherehe za wakubwa wa miji hiyo. Jambo lililoletwa kutoka ng'ambo lilipata hapo ndugu yake wa pwani.

Kilichobadilika ni mtamkaji. Marais walikuwa wakuu wa vyuo vikuu vya umma, Nyerere Dar es Salaam, Obote na baada yake Amin Makerere, Kenyatta na kisha Moi Nairobi, na kwa hiyo mahafali yakawa pia jukwaa la siasa ambapo hotuba ya kiongozi iliweza kufunika majina ya wahitimu. Utaratibu huo ulilegezwa pole pole: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata wakuu ambao hawakuwa marais walio madarakani, Balozi Paul Bomani, kisha Balozi Fulgence Kazaura, na tangu mwaka 2016 Rais mstaafu Jakaya Kikwete; Kenya na Uganda nazo ziliwapa watu wengine nafasi hiyo kuanzia mwaka 2003. Maneno yenyewe yalidumu. Katika baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya Mkuu wa Chuo bado humpa mhitimu uwezo wa kusoma na kutenda yote yanayohusiana na shahada hiyo, na kusoma huko, ambako wasikilizaji wengi hukuona kuwa jambo la ajabu kwa mtu aliyekwisha kusoma miaka minne, ni kule kwa mhadhiri wa zama za kati, aliyefundisha kwa kuwasomea wanafunzi kitabu na kukifafanua. Ni ile leseni ya Bologna, ikitamkwa chini ya mahema ya Nairobi.

Wingi wa wahitimu, zaidi ya itikadi yoyote, ndio uliobadilisha sura ya tendo lenyewe. Chuo kilichokuwa na wahitimu wachache kiliweza kumwita kila mmoja kwa jina. Chenye maelfu huwasimamisha kwa makundi, na wanaoitwa mmoja mmoja na kusikia kichwa cha utafiti wao kikisomwa ni wale wa uzamivu tu, au na wachache wa uzamili. Wakati wa janga la UVIKO-19 hata kusimama pamoja kuliondolewa: mwezi Septemba 2020 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitunuku shahada kwa njia ya mtandao, wahitimu wakiwa majumbani mwao, na shahada hizo ni halali sawa na nyingine kwa kuwa tamko lilitolewa na mwenye mamlaka ya kulitoa.

Kinyume chake kinaonekana katika shule. Nchini Tanzania mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa, wanafunzi wakiimba, wakisoma risala na kuvishwa mashada, na wakati mwingine hata majoho ya kukodi, siku ambayo hakuna anayejua nani atafaulu. Sherehe hiyo ina thamani yake kwa wazazi na ni kuagana kwa haki kabisa, lakini haimpi mtu chochote kisheria. Cheti cha Baraza la Mitihani huja baadaye, bila tamko na bila mkusanyiko. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari hupata shangwe kwanza na hati baadaye, bila kitu chochote kinachoviunganisha, na hapo ndipo hati inapobaki peke yake bila mashahidi.

Athari za hati iliyo peke yake zilionekana tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipopokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, iliyoonyesha kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, wengi wao vya elimu ya sekondari na ualimu. Uhakiki huo haukufanywa kwa kuangalia uzuri wa karatasi wala mhuri wake. Ulifanywa kwa kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Ndivyo inavyofanyika pia kwa shahada. Mwajiri anapokitilia shaka cheti cha chuo kikuu huandika kwa msajili, na msajili hurudi kwenye orodha ya majina iliyopitishwa na Seneti, ambayo ndiyo hiyo Mkuu wa Chuo aliyoitamkia maneno yake siku ya mahafali. Vyuo vinavyolitunza daftari hilo vizuri, tangu mhitimu wa kwanza hadi wa mwaka huu, vinalinda shahada za watu wote waliopita humo, na Serikali inayopanga bajeti za vyuo ingefanya vyema kuihesabu kazi hiyo ya ofisi za usajili kuwa sehemu ya elimu yenyewe.